Bwana, Ananuka Sasa

Martha alikuwa mkweli kuliko wengi wetu. Pale kaburini Bethania, Yesu alipoagiza jiwe liondolewe, yeye ndiye aliyelitamka lile ambalo waombolezaji wote walikuwa wanalimeza kwa heshima: "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne." Nimeyasikia mahubiri mengi ya Lazaro, mengi yakiwa msibani, na karibu yote huuruka mstari huo. Mhubiri hukimbilia "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", watu wakaitika amina, kwaya ikasimama. Mimi ufufuo niliuelewa kwa kupitia mstari wa harufu, na sikuuelewea kanisani. Niliuelewea chumbani kwa wifi yangu, nyumbani kwetu Rungwe, mwaka 2018 kuingia 2019.

Wifi huyu alikuwa mke wa mdogo wangu wa kiume. Mwanamke wa kazi: migomba, viazi, ng'ombe mmoja wa maziwa, na Jumapili sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama. Alianza kutokwa damu nje ya siku zake akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Kituo alichokwenda mwanzoni wakampa dawa za fangasi. Akarudi, wakampa sindano. Akarudi tena, wakamwambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, anywe maji mengi. Hakuna aliyemlaza kitandani akamkagua. Kipimo cha siki, kile ambacho nesi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pamegeuka rangi kuwa peupe, ni cha bei ndogo na cha dakika chache. Yeye alipofika hospitali nyingine, kwa daktari aliyejua anachotafuta, siki haikuhitajika tena. Uvimbe ulionekana kwa macho.

Tukashuka Dar es Salaam kwa basi, mimi na yeye, tukapita mlima Kitonga yeye akiwa amekalia khanga zilizokunjwa mara nne. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani, jengo la zamani, lile la Wajerumani la mwaka 1897, linatazama bahari, na wifi yangu hakuwahi kuiona bahari. Akapigwa mionzi. Damu ikapungua, maumivu yakapungua, akanenepa kidogo, tukaimba njia nzima ya kurudi. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia, umefika kwenye kibofu. Waliotuhudumia kule walituambia ukweli kwa upole, bila kutuzungusha: kuponya haitawezekana, kutuliza inawezekana. Tulirudi na maelezo ya morfini ya maji na karatasi ya rufaa.

Nimekwisha staafu ualimu, watoto wangu ni wakubwa, kwa hiyo nikabaki kijijini kumuuguza. Naandika mambo ya chumbani waziwazi, maana nadhani tumeyaficha mno.

Saratani ya mlango wa kizazi ikifika kule ilikofika, mkojo huvuja wenyewe, mchana na usiku, na kinachotoka pamoja nao kina harufu ambayo haifanani na uchafu mwingine wowote nyumbani. Inaingia kwenye blanketi, kwenye nywele za mwuguzaji, kwenye ugali. Tulikuwa tunaweka karai la mkaa mkavu chini ya kitanda, maana mkaa hunywa harufu. Nesi aliyekuwa akitutembelea alitufundisha kusaga vidonge vya metronidazo viwe unga na kuvitumia kwenye kidonda, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Ndani ya siku chache mtu aliweza kukaa chumbani bila kujiziba pua. Morfini kila baada ya saa nne, kipimo cha wakati wa kulala kikiwa maradufu ili usiku usikatike. Dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, na papai, maana morfini hufunga tumbo. Vitambaa tulikata kwenye khanga na vitenge vilivyochakaa. Anayeijua Rungwe wakati wa masika anajua nguo hazikauki. Mvua yetu hainyeshi ikaacha, inakaa. Basi nilikuwa nawasha pasi ya mkaa usiku na kukausha vitambaa kimoja kimoja hadi vitoe mvuke, kisha asubuhi viko tayari.

Wageni walikuja. Watu wetu hawaachi mgonjwa. Lakini walikuja hadi barazani. "Tumekuja kukuona, mama," wakasema kupitia mlangoni, wakaacha ndizi na maziwa, wakaomba dua wakiwa wamesimama, wakaondoka upesi. Wifi aliwajibu kwa sauti ya kwaya, nyembamba na safi, kisha akageukia ukuta. Siku moja akaniuliza kama na mimi nilikuwa najikaza. Nikamwambia ndiyo, najikaza. Akacheka, kicheko chake cha kwanza baada ya muda mrefu, akasema angalau yuko mmoja asiyemdanganya.

Katika waliokuja alikuwepo mwombeaji mmoja mwenye huduma yake, si wa kanisa letu. Aliomba kwa sauti kubwa, akatangaza uponyaji, halafu alipoiona chupa ya morfini akasema dawa hiyo ni dalili ya mashaka. Iachwe. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, na chupa nikairudisha mahali pake. Ila alisema na jambo la pili ambalo sikulisahau, na lililonishtua ni kwamba siku chache baadaye nililisikia tena kutoka kwa mzee wa kanisa letu, mtu mwema ninayemheshimu. Wote wawili walimwambia mgonjwa ajipe moyo, kwa sababu mwili huu si kitu, ni nguo tu, ni ganda. Roho ndiyo mali ya Mungu.

Wifi aliitika amina. Mimi nilikuwa na beseni mkononi. Nikajiuliza: kama ni ganda, mimi hapa naosha nini?

Jumapili iliyofuata nilipata nafasi ya kwenda ibadani. Tukasimama kusema Imani ya Mitume, maneno niliyoyasema tangu nikiwa mtoto wa darasa la kipaimara bila kuyasikia, na tulipofika "kiyama ya mwili, na uzima wa milele" nilinyamaza katikati, jirani yangu akanitazama. Ya mwili. Hatukiri kwamba roho ya wifi itaelea mahali pazuri. Tunakiri kwamba yule yule aliyelala kwenye kile chumba, mwenye goti lenye kovu la panga na vidole vilivyopinda kwa kazi, Mungu atamwinua. Kama hivyo ndivyo, basi nilikuwa naosha kitu ambacho Mungu ana mpango nacho. Sikuhisi joto moyoni wala sikuona nuru. Nilirudi nyumbani nikabadilisha maji ya beseni, nikaweka ya vuguvugu badala ya baridi, na nikaanza kumpaka mafuta miguuni, kitu ambacho sikuwa nakifanya kwa sababu sikuona kina faida gani kwa mtu anayekufa.

Lakini aliyelielewa jambo hili kabla yangu ni Baba.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hukwepana. Hawasalimiani ana kwa ana, hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja. Wakristo wengi siku hizi wameilegeza mila hii, hasa walioko mijini, lakini Baba, pamoja na uzee wake wa kanisa wa miaka mingi, aliishika. Kwake ilikuwa heshima, na wifi naye aliichukua hivyo hivyo. Akikaribia nyumba yao alikohoa makusudi ili wifi apate kuondoka njiani. Watoto wote wamezaliwa na kukua, na wale wawili hawajawahi kuzungumza.

Wifi alipolala kitandani Baba akahamishia kigoda chake chini ya dirisha lake, nje, ukutani. Kila jioni alikaa pale na Biblia na kusoma kwa sauti, kana kwamba anajisomea mwenyewe na masikio yake yamekuwa mazito. Wifi ndani aliitika amina kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. Ndivyo walivyozungumza. Alimsomea Zaburi, alimsomea Yohana, na mara nyingi alimrudia Ayubu: "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai." Nilimwuliza kwa nini Ayubu, kitabu chenye uchungu vile. Akasema mgonjwa hapendi kusomewa na watu wenye furaha.

Siku moja nilishuka Tukuyu kufuata dawa, mvua ikanikalia, magari yakawa ya shida. Mdogo wangu alikuwa ng'ambo kwa shughuli zake. Saa ya dawa ikafika ikapita. Wifi aliniambia baadaye alianza kwa kuuma shuka, kisha akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akasikia kikohozi cha Baba, kile kile cha siku zote, karibu na mlango. Akajifunika uso. Mlango ukafunguka.

Niliporudi nimelowa chapa, nilimkuta Baba ameketi kwenye stuli kando ya kitanda, amempa mgonjwa mgongo, anatazama ukuta, chupa ya morfini iko mapajani pake na kikombe kidogo cha kupimia kimefunikwa kwa leso. Alikuwa amempa kipimo sawasawa. Alikuwa akinisikia kupitia dirishani nikikitaja kila siku. Wifi alikuwa amelala.

Wazee wa ukoo walilipata, na walikuja kuuliza. Si kwa ukali, lakini waliuliza, maana jambo kama lile halipiti hivi hivi. Baba aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Siku ile tutainuliwa, mimi na yeye, tusimame mbele ya Bwana uso kwa uso. Pale nitamkwepa wapi? Nimeanza mapema." Wakanywa chai wakaondoka.

Tangu siku hiyo alikuwa anaingia. Daima anakohoa kwanza.

Wifi alifariki alfajiri, Kwaresima ya 2019, bila maumivu makubwa. Hilo namshukuru Mungu, na nawashukuru pia waliotengeneza ile dawa. Tukamwosha. Na hapo nikaona jambo ambalo bado linanisumbua: wale wale akina mama waliokuwa wanaishia barazani sasa waliingia, wakakunja mikono ya magauni, wakamwosha kwa upendo wote, wakamsuka nywele, wakamvalisha sare ya kwaya. Maiti walimwendea bila kusita. Aliye hai ndiye aliyewashinda. Siwalaumu, maana maiti haikutazami usoni kuona kama umekunja pua. Lakini nilitamani angeyapata yale mapaja ya kulazia kichwa wiki tatu nyuma.

Mazishini nililia, nikaambiwa nisilie. Kwamba Mkristo halii kama mpagani. Huo mstari wa Wathesalonike hunukuliwa vibaya kila msiba: Paulo anasema tusihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", hasemi tusihuzunike. Yesu mwenyewe, anayejua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka, alilia machozi. Na yule yule Paulo anaita mauti adui, adui wa mwisho. Adui hakaribishwi kwa kuambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Nasema hivi nikijua kwamba sentensi hiyo imewatuliza wengi, na sitamnyang'anya mtu kinachomtuliza siku ya kwanza ya msiba. Ila mimi haikunituliza. Iliyonituliza ni ile kwamba Mungu naye hakubaliani na kifo.

Mchungaji kijana aliyehubiri alitaka kutumia mfano wa kwetu, nami nampongeza kwa nia. Akasema tuangalie migomba inayotuzunguka: mama mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, lakini chipukizi liko pembeni, kwa hiyo mgomba haufi. Watu wakatikisa vichwa wakikubali, maana mfano unaonekana. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na binti yake marehemu, nikahisi mkono wake umekazana ndani ya wangu, nikajua na yeye ameliona tatizo. Mama mgomba hukatwakatwa ukawa matandazo ya shamba. Chipukizi ni mwingine. Hivyo ndivyo babu zetu walivyojifariji kabla ya Injili, na si faraja ya kudharau: utaendelea katika wanao, jina lako litaitwa. Lakini kama ni hayo tu, Kristo alifufuka wa nini? Wanafunzi wake kumi na mmoja wangetosha kuwa machipukizi. Binti hakumtaka mama mwingine, wala hakutaka yeye mwenyewe awe mama yake. Alimtaka yule. Ukristo, kama una lolote la kumwambia mtoto huyo, ni kwamba atamwona yule.

Nilimwambia mchungaji hivyo baada ya matanga, kwa faragha. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza basi kwa nini Paulo anatumia mbegu, nayo huoza ikatoka nyingine. Swali la haki. Nadhani Paulo aliiona hatari hiyo, ndiyo maana katika Wakorintho hasemi kinapandwa kile na kuota hiki, anasema ni ule ule unaopandwa katika uharibifu na kufufuliwa katika kutokuharibika, "hupandwa katika aibu, hufufuliwa katika fahari." Katika aibu! Mtu aliyeyaandika hayo aliwahi kukaa na wagonjwa.

Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 21 Aprili. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka hatuanzii kanisani, tunaanzia makaburini. Mila hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilimani penye makaburi kabla ya jua kuchomoza kumsifu aliyefufuka. Wamisionari wakaja nayo hadi Rungwe walipofika mwaka 1891. Kule Herrnhut mawe ya makaburi yamelazwa chini, yanafanana, tajiri na fukara sawa. Kwetu hayafanani, wenye saruji wana saruji na wenye udongo wana udongo, lakini ibada ni ile ile, na ndani yake huombewa ushirika na wote walioitwa tangu Pasaka iliyopita. Majina yao husomwa.

Wifi alizikwa nyumbani, migombani, ila jina lake lilikuwa kwenye orodha. Matope yalitufika vifundoni. Tarumbeta zilipolia nilipandwa na hasira, si furaha; niliona kelele zile zimekuja mapema mno, udongo wake haujashuka hata. Kisha majina yakaanza kusomwa. Mtoto mchanga, mzee wa miaka mingi, kijana wa bodaboda, wifi. Mwinjilisti aliyasoma kwa sauti moja, hakumpandisha mtu wala kumshusha, hakusema nani alikufa kwa nini. Baba alikuwa mbele yangu na mwavuli. Jina la mkwewe liliposomwa, alikohoa.

Watu wa nyuma wakadhani ni baridi. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na hasira haikuisha, lakini ilipata mwenzake.

Siku hizo nilikuwa nasoma Marko sura ya mwisho, nikaona jambo ambalo nilipaswa kuwa nimeliona tangu zamani, mimi niliyefundisha hata Shule ya Jumapili. Wale wanawake watatu hawakwenda kaburini wakitegemea ufufuo. Walikwenda na manukato. Yaani walikwenda kwa sababu ya harufu, kwenye mwili wa mtu aliyeuawa, siku ya tatu, katika nchi ya joto, na njiani waliulizana swali la kazi: nani atatuvingirishia lile jiwe? Wanaume waliokuwa na ahadi zote za ufufuo masikioni walikuwa wamejifungia. Habari iliwakuta waliokwenda kuhudumia maiti. Na walipoileta, Luka anasema iliwaonekania wale mitume kama upuzi.

Mwalimu mmoja wa semina yetu ya akina mama aliwahi kutusimulia barua ya Dionisio, askofu wa Aleksandria wa karne ya 3, wakati wa tauni. Wapo waliowatupa wagonjwa barabarani kabla hawajakata roho. Wakristo waliwabeba, wakawafumba macho, wakawaosha, na wengi wao wakafuata kwa ugonjwa ule ule. Niliposikia mara ya kwanza niliona ni ushujaa wa kale. Sasa naona ni imani ya kawaida kabisa ikifanya kazi yake ya kawaida. Ukiamini mwili utafufuliwa, huwezi kuutupa barabarani, na huwezi kuuacha upande wa pili wa mlango.

Kuna maswali sina majibu yake. Kristo aliyefufuka alikuwa na alama za misumari, Tomaso aliambiwa atie kidole. Je, majeraha ya wifi yatabaki katika fahari? Ningependa kovu la goti libaki, ndilo nililomtambua nalo kwa mbali shambani. Yale mengine yasibaki. Lakini sikuulizwa. Wala sijui kwa nini yeye na si mimi, mimi niliyemzidi umri. Nimeacha kuuliza si kwa sababu nimejibiwa.

Ninachokijua ni kwamba tumaini hili halikutufanya tukunje mikono tungoje parapanda. Mwaka 2018, mama yake akiwa Ocean Road, binti alichanjwa shuleni kwao, wakati chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14. Wapo majirani waliowazuia wa kwao kwa uvumi wa ugumba. Mdogo wangu hakusita. Alisema kama kifo ni adui, basi apigwe popote anapoonekana, hata begani kwa sindano.

Nasi akina mama tulikaa kikao. Nililileta lile suala la barazani, nikalisema bila kumtaja mtu, na kila mmoja alijua. Kulikuwa na ukimya wa kujikuna, kisha mama mmoja akasema yeye hakuogopa harufu, aliogopa kwamba mgonjwa angeona anaogopa. Kutoka hapo tuliweza kuzungumza. Sasa tuna sanduku: glavu, beseni mbili, mpira wa kitandani, sabuni, khanga kuukuu zilizofuliwa na kukatwa, mkaa. Dawa tunamwachia nesi. Tunakwenda wawili wawili, anayejua na anayejifunza. Sheria ni moja, kwamba anayeingia akae. Hatutoi mahubiri isipokuwa tukiombwa. Mgonjwa akitaka kusomewa, asomewe anachokitaka yeye. Mzee mmoja mwenye saratani ya koo alitaka kusomewa matokeo ya mpira, tukamsomea. Na mara mbili kwa mwaka nesi huja kanisani kueleza kipimo cha siki, baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, maana wakishatawanyika hawarudi.

Mdogo wangu ndiye aliyechelewa kupona, kama nitaita ni kupona. Ibada alikuja, lakini alikuwa anatoka kabla ya Imani ya Mitume. Mwaka juzi alikuja kwangu jioni, akakaa sana bila kusema, akaniuliza: "Dada, nikioa, siku ile nitamwambia nini?"

Nilijua anauliza nini. Hata Masadukayo waliuliza, habari ya mwanamke mmoja na ndugu saba, ila wao waliuliza kwa kejeli kwa sababu hawakuamini kwamba kuna siku ile. Yesu aliwajibu kwamba katika kiyama hawaoi wala hawaolewi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba jibu hilo zamani lilinisikitisha, niliona kama linamfuta mke. Sasa silioni hivyo. Yesu hakusema hawatajuana. Huyo huyo, alipofufuka, alimwita Mariamu kwa jina, naye akamjua kwa sauti. Nikamwambia sidhani wifi atakuja kudai zamu. Kama ninavyomjua, atauliza kwanza ng'ombe aliuzwa shilingi ngapi.

Akacheka hadi akafuta macho. Ng'ombe alikuwa amemuuza kwa hasara.

Alioa mwaka uliofuata, mjane wa Kiwira mwenye watoto wawili. Mahari tulichangishana, Baba akatoa dume. Mkwe mpya anafuata desturi za leo, alipofika alimsalimia Baba kwa mkono, na Baba, kwa miaka yake yote ile, akaupokea.